Ijumaa jioni mpaka Jumatatu: barua ya wazi kuhusu mtumiaji wa dawa za kulevya

Kwa Waheshimiwa Wabunge, Waheshimiwa Mahakimu, wakuu wa Jeshi la Polisi na Jeshi la Magereza, viongozi wa Wizara ya Afya, na wote mliokabidhiwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania ya mwaka 2015 pamoja na marekebisho yake ya 2017.

Waheshimiwa,

Kila baada ya muda mjadala unarudi: bangi ihalalishwe au isihalalishwe? Mmoja anataja Kanada iliyofungua maduka tarehe 17 Oktoba 2018, mwingine anataja kijana wa mtaani kwake aliyechanganyikiwa. Jirani zetu Kenya walifika mbali zaidi. Mwaka 2022 mgombea urais aliinadi bangi kama zao la kulipia deni la taifa, akaambulia kura zisizofika asilimia 1. Watu wanabishana, wanachoka, wanarudi nyumbani. Wakati huo kuna mtu yuko mahabusu, amekamatwa Ijumaa jioni na kete moja ya unga, yaani heroini, na hakuna aliyeuliza Jumatatu itamkuta katika hali gani.

Sisi tunaowaandikia ni wauguzi, wafamasia, maafisa ustawi wa jamii na waelimishaji rika wa huduma za methadone, dawa anayopewa mraibu wa heroini ili aache unga. Hatuombi unga uuzwe dukani. Hatuombi hata bangi iuzwe dukani, na sababu tutaieleza. Tunaomba sheria imtofautishe anayetumia na anayeuza, kwa vipimo ambavyo askari wa kituo chochote anaweza kuvifuata, na aliyeko kwenye matibabu asikatiziwe dozi kwa sababu amelala lokapu.

Tuanze na kikombe chenyewe, maana wengi wanaotoa maamuzi juu yake hawajawahi kukiona. Methadone ni dawa ya maji. Mteja anafika dirishani asubuhi, anataja namba yake, anapimiwa miligramu zake, anakunywa mbele ya mfamasia, kisha anaongezewa maji kidogo kwenye kikombe hicho hicho anywe na atamke maneno mawili matatu. Tunamsemesha ili tujue amemeza, kwa sababu dozi iliyofichwa shavuni inaweza kuuzwa nje ya geti na kumuua asiyeizoea. Kazi hii ilianza Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala na Temeke, Kidongo Chekundu kule Zanzibar, na baadaye mikoa mingine ikiwemo Mbeya, Dodoma, Mwanza, Tanga na Arusha. Kliniki hufungua kila siku, Jumapili na sikukuu pia. Serikali ndiyo iliyoijenga huduma hii, na tunaishukuru kwa dhati. Ndiyo maana inatuuma kuona mkono mmoja wa Serikali unavunja kilichojengwa na mkono mwingine.

Dozi ya kwanza haizidi miligramu 30. Wapo wanaodhani tunabana dawa. Sababu ni hesabu. Kwa wastani nusu ya methadone hubaki mwilini baada ya siku moja, ingawa watu hutofautiana. Mpe mtu 30 leo; kesho zimebaki 15, ukimwongezea 30 anakuwa na 45. Siku ya tatu anakaribia 53, ya nne anapita 56. Kikombe ni kile kile lakini mwilini dawa imekaribia kuwa mara mbili. Kwa hiyo tunapandisha 5 mpaka 10 tu, tena baada ya siku tatu hadi tano, mpaka mtu afike mahali ambapo hana arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa dawa, hasinzii, na anaweza kwenda kazini. Wengi hutulia kati ya 60 na 120.

Sasa mchukueni mtu huyo aliyetulia kwenye 100. Amekunywa Ijumaa asubuhi. Saa moja jioni difenda inapita kijiweni, anazolewa pamoja na waliokuwepo. Sheria inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini kesho ni Jumamosi na mahakama hazikai. Jumamosi hakunywa. Jumapili hakunywa. Jumatatu asubuhi, wakati karandinga linasubiri foleni, dawa iliyomo mwilini mwake imeshuka mpaka karibu moja ya nane ya ile ya Ijumaa baada ya kunywa. Anapiga miayo mfululizo, jasho linamtoka, vinyweleo vimesimama, machozi na makamasi hayakatiki, tumbo linaendesha, na mboni za macho zimetanuka. Mheshimiwa Hakimu anamwona mtu asiyetulia kizimbani na anaweza kudhani ni dharau au amelewa. Yote mawili si kweli. Na kama kuna maelezo aliyoyaandika kituoni Jumapili usiku, tunawasihi myapime upya: mwenye arosto kali atasaini karatasi yoyote itakayomtoa pale.

Dirisha letu hufungwa kabla dhamana haijakamilika, kwa hiyo na Jumatatu imempita. Jumanne anafika, amekosa siku tatu mfululizo. Hapo hatuwezi kumpa 100 yake, kwa sababu mwili umeanza kusahau. Tunamkatia, mara nyingi kwa nusu, na tunamwangalia upya kila siku. Akiwa amekaa rumande siku tano au zaidi, anaanza kama mgeni: 30, kisha 40, kisha 50. Kutoka 30 kurudi 100 kwa kupandisha 10 kila baada ya siku nne ni hatua 7, yaani siku 28. Mwezi mzima wa kuwa nusu mgonjwa, na kijiwe hakijahama. Akiongeza unga juu ya methadone inayopanda, hicho ndicho kipindi ambacho tunawapoteza watu zaidi. Kipindi kingine ni wiki mbili za kwanza baada ya kutoka gerezani, kwa sababu ile ile: anajidunga kiasi alichokizoea zamani kwenye mwili usiokihimili tena.

Wanawake wanaumia kwa namna ya peke yake. Mjamzito aliye kwenye methadone akikatishwa ghafla anaweza kuharibu mimba au kujifungua kabla ya wakati. Miezi ya mwisho mwili wake hutumia dawa haraka, hivyo wengine hugawiwa dozi asubuhi na jioni. Lokapu hakuna anayejua hilo, na yeye anaogopa kusema ana mimba na anatumia dawa kwa wakati mmoja.

Kuna na kifua kikuu. Rifampisini, dawa kuu ya TB, huisukuma methadone itoke mwilini haraka, kiasi kwamba mtu aliyekuwa sawa kwenye 80 anarudi kwenye arosto ndani ya wiki moja au mbili na anahitaji kupandishwa sana. Miezi sita ya tiba ya TB ikiisha, dozi lazima ishushwe taratibu, la sivyo ile iliyokuwa inamtosha inakuwa ya kumlaza asiamke. Mfungwa anapohamishwa gereza bila karatasi yenye mistari miwili ya kueleza haya, anayempokea anafanya kazi gizani.

Tunachoomba hapa hakihitaji Bunge kukaa. Kila mteja wa methadone ana kadi ya kliniki yenye namba. Mkuu wa kituo akiletewa mtu anayesema yuko kwenye methadone, apige simu kliniki usiku huo huo au kabla ya saa mbili asubuhi. Sisi tunathibitisha mambo matatu: kama ni mteja wetu, alikunywa lini mara ya mwisho, na ana tatizo gani lingine la kiafya. Asubuhi aletwe dirishani, hata akiwa na pingu, anywe, arudishwe. Pale ambapo kituo hakina mafuta ya gari, na tunajua mara nyingi hakina, wauguzi wawili waje na dozi moja iliyopimwa, kwenye chupa yenye jina, ndani ya kisanduku chenye kufuli, na isainiwe na muuguzi na askari wa zamu kwenye daftari. Wawili, kwa sababu dawa hii haibebwi na mtu mmoja. Hofu kwamba kadi zitaghushiwa inakwisha kwa ile simu. Hofu kwamba mhalifu anabembelezwa tunaijibu hivi: mwenye kisukari akikamatwa kwa wizi, hakuna anayesema insulini yake isubiri hukumu.

Sasa vipimo.

Desemba 2023 zilikamatwa kilo 3,182 za heroini na methamphetamine Dar es Salaam na Iringa. Hiyo ni kazi kubwa, na waliohusika wanastahili pongezi. Mwenye kilo hizo na mwenye kete moja hawafanani hata kidogo, lakini katikati yao ndipo kesi nyingi zilipo, na hapo gramu ndizo zinazoamua maisha ya mtu. Kituo kinachopima kwa mizani ya jikoni inayoruka gramu 5 kwa 5 hakiwezi kupima kete. Inatakiwa mizani ya kusoma mpaka gramu 0.01. Unga upimwe ukiwa na kifungashio, kisha kifungashio kipimwe kitupu, tofauti iandikwe, mtuhumiwa na shahidi wasaini, ndipo bahasha ifungwe kwa lakiri kwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Bila hivyo nailoni iliyofungwa mafundo inaweza kuzidi uzito wa unga uliomo, na mtu anahukumiwa kwa nailoni. Kwa bangi, iandikwe wazi kwamba uzito ni wa majani makavu. Mmea mbichi ukikauka hupoteza karibu robo tatu ya uzito wake au zaidi; gramu 100 za leo asubuhi ni kama 25 za wiki ijayo.

Ureno ilibadilisha sheria yake kuanzia tarehe 1 Julai 2001. Haikuhalalisha biashara, na muuzaji bado anafungwa. Ilisema mwenye kiasi cha matumizi ya siku 10, kwa heroini ni gramu 1, kwa kokeni 2, kwa majani ya bangi 25, hafikishwi mahakama ya jinai. Anapelekwa ndani ya saa 72 mbele ya tume ya watu 3, wakiwemo wa sheria na wa afya au ustawi wa jamii, wanaomuuliza anatumia nini, tangu lini, na kama yuko tayari kutibiwa. Meksiko ilijaribu jambo linalofanana mwaka 2009, lakini kiwango cha heroini kikawekwa miligramu 50. Kiasi hicho ni kidogo mno: mtumiaji wa kawaida anakipita kwa kununua mara moja tu. Sheria ilikuwepo kwenye karatasi huku mtumiaji akiendelea kuhesabiwa kuwa muuzaji. Tunapendekeza gramu 1 ya heroini bila kifungashio, na gramu 25 za bangi kavu. Juu ya hapo uzito peke yake usitoshe kumwita mtu muuzaji. Paangaliwe mizani, rundo la kete zilizofungwa kwa ukubwa mmoja, noti ndogondogo nyingi, daftari la wadaiwa. Askari wazoefu wanavijua vitu hivi kuliko sisi.

Wapo watakaotuuliza kuhusu Oregon, na ni haki yao. Jimbo hilo la Marekani lilipiga kura Novemba 2020, na kuanzia tarehe 1 Februari 2021 mtu aliyekutwa na kiasi kidogo akawa anapewa tiketi ya faini ya dola 100, inayofutwa akipiga simu ya ushauri. Waliopiga walikuwa wachache sana. Fedha za matibabu zilichelewa kufika, fentanili, dawa kali kuliko heroini, ikaingia mitaani kwa wingi kipindi kile kile, na kuanzia tarehe 1 Septemba 2024 kukutwa na dawa kukarudishwa kuwa kosa la jinai. Tumelitazama jambo hili kwa makini. Ureno ilipanua kliniki na kuweka watu wa kumpokea mtumiaji. Oregon ilitoa kipande cha karatasi chenye namba ya simu. Kwa hiyo tunasema bila kuuma maneno: msibadilishe kifungu chochote katika wilaya ambayo haina mahali pa kumpeleka mtu. Anzeni kwenye mikoa yenye methadone tayari, kliniki zikiongezeka na sheria iongezeke nazo.

Na bangi dukani? Hapa tunatofautiana na baadhi ya marafiki zetu. Afrika Kusini imekwenda kwa hatua: Mahakama ya Katiba iliamua Septemba 2018 kwamba mtu mzima asihukumiwe kwa kutumia au kupanda bangi faraghani kwake, na sheria yake ikasainiwa Mei 2024. Kuuza bado ni kosa. Hilo tunaliona linafaa kujadiliwa. Uuzaji ni jambo jingine, na fundisho lake liko karibu kuliko Kanada. Kenya ilihalalisha chang'aa mwaka 2010. Lengo lilikuwa jema: mpishi atoke mafichoni, apate leseni, pombe yake ipimwe. Lakini sheria hiyo ilitaka kileo kisifungashwe chini ya mililita 250, na masharti ya chupa, leseni na ukaguzi yakawa mazito kwa mama anayepika kwenye pipa kando ya mto. Wengi walibaki palepale walipokuwa, na waliotia methanoli, spiriti yenye sumu, waliendelea kutia. Mei 2014 watu wengi walikufa na wengine kupofuka katika kaunti kadhaa kwa muda wa siku chache. Jambo linaweza kuwa halali kwenye gazeti la Serikali na likaendelea kuua uani, kama hakuna anayeweza kuyatimiza masharti wala anayeyakagua. Hapa kwetu viroba vya pombe kali vilikuwa halali mpaka Machi 2017, na kila mzazi anakumbuka vilivyouzwa kwa bei ya pipi, hatua chache kutoka geti la shule. Mtu akituonyesha ni nani atakayepima bangi ya dukani, kwa maabara ipi, na nani atakayemzuia mwenye duka asimuuzie mtoto wa miaka 14, tutamsikiliza. Mpaka sasa hatujaonyeshwa.

Yapo mawili yasiyoweza kusubiri mjadala huo.

La kwanza ni bomba la sindano. Likihesabiwa kuwa ushahidi, mtu hatalibeba; atalichomeka kwenye ufa wa ukuta wa geto, na watano watalitumia. Virusi vya homa ya ini aina ya C vimeonekana maabara vikiishi ndani ya bomba mpaka siku 63. Bomba la mililita 1 ambalo sindano yake haichomoki hubakiza damu kidogo sana kuliko lile kubwa la kuchomoa sindano, kwa hiyo aina inayonunuliwa ina maana yake. Tunaomba bomba, tupu au lililotumika, lisiwe kosa wala ushahidi wa kosa, na atakayelirudisha kwenye kisanduku cha taka kali asiulizwe jina.

La pili ni naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha unga. Mtu aliyezidisha unga midomo inageuka rangi ya majivu au bluu, mboni zinakuwa kama ncha ya pini, na anakoroma kwa kukatika. Kijiweni wanammwagia maji, wanamnywesha maziwa, wengine wanamchoma maji ya chumvi. Maziwa kwa mtu asiye na fahamu yanaingia kwenye mapafu. Kinachotakiwa ni kumlaza chali, kuinua kidevu, kumpulizia pumzi moja kila sekunde tano, na kumchoma naloksoni miligramu 0.4 kwenye paja au bega. Kama hajaanza kupumua vizuri baada ya dakika mbili au tatu, ampuli nyingine. Akizinduka asiachwe aende zake. Naloksoni hufanya kazi kati ya dakika 30 na 90, na iliyomlaza inaweza kukaa zaidi ya hapo. Kama ni methadone, alazwe aangaliwe mpaka kesho yake. Mwelimisha rika anajifunza haya kwa asubuhi moja. Tunaomba kanuni imruhusu kubeba ampuli mbili, aliyepiga simu ya msaada asikamatwe kwa alichokutwa nacho pale, na mgonjwa asidaiwe fomu ya polisi ya PF3 kabla ya kuhudumiwa, kwa sababu ubongo usiopata hewa haumalizi dakika kumi.

Ombi la kadi na simu linaweza kuanza Ijumaa hii kwa waraka wa ukurasa mmoja, wenye orodha ya kliniki, namba zao za simu na saa ambazo dirisha liko wazi, ukabandikwa ukutani juu ya kitabu cha matukio katika kila kituo cha polisi chenye kliniki jirani. Orodha tunayo tayari, na tutaileta kwa mkono kwa yeyote atakayetuita.

Ni sisi,
Wahudumu wa huduma za methadone na waelimishaji rika